Tumbo Wamekata, Kichwa Je? Maswali Yenu Kuhusu Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Jamani mmenijazia sanduku! Mwezi uliopita niligusia tu kwa mistari miwili kwamba mimi mwenyewe nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito miaka saba iliyopita, ule wa kukata sehemu kubwa ya tumbo la chakula likabaki kama ndizi nyembamba, wenyewe tunaita slivu, basi tangu hapo barua haziishi na nyingi zimeandikwa usiku wa manane, najua kwa sababu mnasema wenyewe. Nimechukua sita. Mimi sio daktari, nimewahi kulala tu kwenye kile kitanda na baadaye nikawasindikiza wenzangu kadhaa mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji, kwahiyo pale nitakaposema nenda hospitali naomba usinibishie, nenda.

Dada, niko wiki ya tatu tangu nifanyiwe slivu. Siku za mwanzo nilipungua kilo nane halafu mzani ukagoma, leo siku ya tisa uko palepale. Nakunywa supu na maziwa tu, njaa sina, ila nalia kila siku, nikiona wenzangu wanakula natoka nje. Nahisi nimejiharibia mwili bure na mume wangu siwezi kumwambia maana mimi ndio nilimbembeleza akubali. Nilikosea? – Najuta Kimyakimya

Najuta mdogo wangu, kwanza shuka kwenye huo mzani, unapanda mara ngapi kwa siku? Mimi nilikuwa napanda mpaka baada ya kukojoa nione kama kuna tofauti, usinicheke.

Hiyo wiki ya tatu ina sifa yake, karibu kila mtu inamkamata. Iko hivi, mwili unaweka akiba ya sukari kwenye ini na kwenye misuli na ile akiba imeshikana na maji mengi, sasa ukiacha kula ghafla akiba inatumika na maji yake yanatoka, ndio zile kilo nane ulizoshangilia, nyingi zilikuwa maji. Baadaye mwili unatulia unarudisha maji kiasi, mafuta yanaendelea kuungua lakini mzani hauoni. Inaweza kuchukua wiki, mbili, hata tatu. Tafuta utepe wa fundi cherehani ujipime kiuno na mapaja leo, uandike, upime tena baada ya siku kumi na nne, mzani ufunike na khanga.

Kulia nako kuna sababu zake. Umetoka kwenye dawa ya usingizi, homoni zinapanda na kushuka kwa sababu mafuta yanaisha kwa kasi, unakula kidogo kuliko mtoto, halafu chakula ndio kilikuwa shoga yako, ukigombana na mtu unaenda kwake, ukifurahi unaenda kwake, sasa kahama usiku bila kuaga. Usipolia ndio ningeshangaa. Mimi wiki yangu ya tatu nilikaa kwenye sakafu ya bafu saa mbili usiku na kile kikombe kidogo cha plastiki cha kupimia dawa ya kikohozi, mililita 30, nakinywa kwa dakika kumi, wenzangu sebuleni wanakula, harufu ya vitunguu vya kukaanga inapita chini ya mlango. Nililia kwa ajili ya vitunguu! Sio pilau, sio kuku. Vitunguu.

Kwahiyo hukukosea, ila hata kama ungekuwa umekosea, wiki ya tatu sio wakati wa kutoa hukumu, hujafika hata pale unapoanza kuyaona matunda. Mwambie mume wako. Alikubali akijua kuna kupona, hakukubali uende ukalie nje peke yako. Na kuna vitu viwili sitaki uvifanyie mchezo: kama kilio kinageuka kuwa kutotamani kuishi, ipigie kliniki yako siku hiyohiyo kama vile ungepiga ukiwa na homa kali. Cha pili, kama unatapika kila unachomeza kwa siku mbili tatu usikae nyumbani kusubiri ipite, maana vitamini B1 inaisha haraka mwilini, na ikiisha mtu anaanza kuona vitu viwili viwili, anayumba akitembea, anachanganyikiwa, na yale madhara mengine hayarudi nyuma. Mengine yote ni kunywa kidogokidogo mpaka ufike kama lita moja na nusu kwa siku, na protini gramu 60 hivi ukiweza, usipoweza leo utaweza wiki ijayo.

Mke wangu anafanyiwa baipasi mwezi ujao. Ana sukari, ana presha, na usiku anakoroma mpaka pumzi inakatika. Mama yangu anasema huo ni uvivu, kwanini asifunge mdomo tu. Mimi naogopa asije akafia mezani ila sitaki ajue kama naogopa. Nifanye nini cha maana zaidi ya kumwambia "utapona"? – Baba Wawili

Shemeji, barua yako nimeisoma mara tatu, na mkeo ana bahati hata kama hajui. Kwa wasioijua, baipasi ni ule upasuaji wa kuacha kifuko kidogo tu cha tumbo la chakula na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo.

Nianze na hofu. Kwenye hospitali zenye uzoefu, wanaofariki ndani ya mwezi wa kwanza ni karibu mtu mmoja au wawili katika kila 1000, hailingani na ile picha iliyoko kichwani mwako saa nane za usiku. Sio sifuri lakini, na ndio maana kuna mambo ya kushika.

Hilo la pumzi kukatika usingizini, hakikisha daktari atakayempa dawa ya usingizi siku ya upasuaji analijua kwa kinywa chenu na sio kwa kudhani limeandikwa mahali. Kama ana mashine ya kumsaidia kupumua usiku inaenda naye hospitali. Halafu wiki mbili hivi kabla watampa mlo mgumu, wanga kidogo sana, mafuta kidogo, wengine wanapewa vinywaji tu. Watu wanadhani ni mtihani wa kumpima nia, hapana, ni kwa ajili ya ini. Ini la mtu mnene huwa limejaa mafuta, limelala juu ya tumbo la chakula, na daktari inabidi alinyanyue ndio afike anapotaka, sasa ule mlo unalisinyaza. Akichakachua, daktari akikuta ini kubwa anaweza kushindwa kufanya kwa matundu madogo au akaahirisha kabisa. Sasa wewe kazi yako wiki hizo mbili ni moja tu, usikaange kitu ndani ya nyumba yake. Kula kazini.

Mama tumpe jibu au tumwache? Mi ningempa nusu. Kuna homoni ya njaa inaitwa ghrelini, wanasayansi wa Japani waliigundua mwaka 1999, na sehemu kubwa inatengenezwa kule juu kwenye tumbo la chakula. Mtu mnene akijinyima ghrelini inapanda, mwili nao unapunguza matumizi, yaani anayefunga mdomo anapigana na mwili wake mwenyewe masaa ishirini na nne, na mwili haulali. Upasuaji unavuruga huo mchezo. Tena haukubuniwa kwa ajili ya wavivu, daktari Edward Mason kule Iowa, Marekani, alianza baipasi mwaka 1966 baada ya kuona wagonjwa waliokatwa tumbo kwa sababu ya vidonda wanapungua na kunenepa tena inakuwa shida. Na kwa mwenye sukari kama mkeo, mara nyingi vipimo vinashuka siku chache tu baada ya baipasi, kabla hata kilo hazijaondoka. Kama mama hataki kusikia hayo basi mwambie tu uamuzi umeshapita, na mle ndani ya nyumba halizungumzwi tena. Hilo utamwambia wewe, mwanawe. Usimwachie mkeo.

Hiyo sukari kushuka haraka ina upande wake wa pili. Dozi za sukari na za presha za zamani zinaweza kuwa kubwa mno ghafla, akizimeza kama kawaida anaanguka. Siku ya kutoka hospitali usiondoke bila karatasi inayosema ipi ameachishwa, ipi imepunguzwa, na apime mara ngapi. Na kabatini kwenu toa ibuprofen na diclofenac na ndugu zao, mtu wa baipasi hizo zinamchimba vidonda pale kwenye maungio, maumivu yake atatumia paracetamol au atakachopewa na daktari.

Jioni ileile au asubuhi yake atatakiwa kutembea. Atakuchukia. Shika ile stendi ya dripu umsukumie, mtembee korido hadi mwisho mrudi, kwa sababu damu ikilala miguuni inaganda, na bonge la damu likipanda kwenye mapafu hapo ndipo watu wanapokufa. Mkirudi nyumbani andika haya kwa mkono ubandike kwenye friji: mapigo ya moyo yanazidi 120 na amelala, homa, kuhema, maumivu ya tumbo yanayoongezeka badala ya kupungua, maumivu ya bega la kushoto yanayokuja na hayo mengine, mguu mmoja kuvimba. Lolote kati ya hayo mnaenda usiku uleule, inaweza kuwa mshono unavuja, na asikwambie "ngoja nione asubuhi". Sisi wagonjwa tunapenda sana kungoja asubuhi.

Mezani sasa. Atakula kwa kijiko cha chai, vijiko vinne vitano kwa nusu saa. Usiseme "hicho tu?" Miezi sita baadaye usiseme "unakula tena?" Hayo maneno mawili yametenganisha watu. Atakuwa hanywi maji na chakula kwa pamoja, anasubiri nusu saa, kwahiyo usimwekee glasi mbele kwa ukarimu. Na siku akionja kitu kitamu akaanza kutoka jasho, moyo unaenda mbio, tumbo linamkata, hajalogwa wala hajalishwa sumu, inaitwa dampingi, sukari imemwagika kwenye utumbo kwa spidi, mlaze, itapita.

Na mwambie unaogopa. Dada yangu siku yangu alikuja saa kumi na moja alfajiri na mfuko wa rambo mkononi akasimama mlangoni akasema "Naogopa mpaka tumbo linaniuma, nimekuletea soksi." Waliosema utapona siwakumbuki hata mmoja. Soksi ninazo mpaka leo.

Mwezi wa nne, nywele zinatoka kwa mafungu kwenye chanuo. Nitabaki na kipara? – Chanuo

Hubaki. Upasuaji na kupungua haraka vinaushtua mwili, nywele nyingi zinaingia mapumzikoni kwa mpigo mmoja, halafu miezi mitatu minne baadaye zinadondoka kwa mpigo mmoja. Kwa wengi inaacha kati ya mwezi wa sita na wa tisa na zinaota upya, zile fupifupi za mbele zinazosimama kama umeshtuka. Usiniulize mafuta gani, hela ya mafuta nunulia mayai na samaki. Ila kama imeanza baada ya mwezi wa sita au mwaka umeisha bado zinatoka, pima damu, uangaliwe madini ya chuma, zinki na protini. Na kama unameza chuma na kalsiamu pamoja asubuhi ili umalize kazi, acha, zinagombania mlango, ziachanishe angalau masaa mawili.

Nina miezi mitano tangu baipasi na nimechelewa siku zangu. Tulitafuta mtoto miaka sita hatukupata, sikudhani kama nahitaji kinga, nilikuwa nameza tu vidonge vya uzazi wa mpango kupanga hedhi. Naogopa kupima. – Miaka Sita

Pima leo. Uzito ukishuka mayai yanaanza kutoka tena kwa mpangilio, na vidonge baada ya baipasi vinaweza visinyonywe vizuri, ndio maana madaktari wanashauri kusubiri miezi 12 hadi 18 na kutumia njia isiyopitia tumboni. Ila kama imeshaingia, imeingia, wanawake wengi wamejifungua salama. Waambie wote wawili, kliniki ya wajawazito na waliokufanyia upasuaji, wiki hii, damu yako ifuatiliwe kwa karibu. Na wakija kutaka kukupima sukari ya mimba kwa kukunywesha kile kinywaji kitamu waambie una baipasi, kinaweza kukuletea dampingi, kuna namna nyingine ya kupima. Na hongera, kama ni hongera.

Nimemaliza mwaka na nusu baada ya baipasi, kilo 52 zimeenda. Zamani sikuwa mnywaji. Sasa hivi bia moja inanichukua kama tatu, na nimeanza kuipenda hiyo hali, juma hili nimekunywa siku nne. Mke wangu anasema ni furaha ya mwili mpya. – Bia Moja

Kaka, mkeo anakupenda lakini hapa amekosea na wewe unajua, ndio maana umeandika.

Pombe kwako sasa haikai tumboni, inashuka moja kwa moja kwenye utumbo, inafika kwenye damu haraka, inapanda juu zaidi na inachukua muda mrefu kuisha. Kwahiyo usiendeshe gari hata kwa hiyo moja, hilo halina mjadala. La pili ndio zito: wataalamu wameshaona kwamba tatizo la pombe linaongezeka kwa waliofanyiwa baipasi, na mara nyingi sio mwaka wa kwanza, ni kuanzia wa pili, wakati kila mtu ameshapiga makofi ameondoka. Kwa hiyo uko palepale pa hatari na hujafanya kitu cha ajabu. Ule mlango uliokuwa unaingilia kwenye sahani umefungwa, kilichokuwa kinabisha bado kinabisha.

Sikwambii "punguza". Acha kabisa mwezi mmoja uone. Ukiweza bila shida, vizuri, umejua. Ukikuta siku ya sita unatafuta sababu ya sherehe, umejua pia, na hapo unaongea na daktari wako na unatafuta mshauri wa mambo ya uraibu, mapema hii, siku nne kwa wiki, sio ukishapoteza kazi. Mwonyeshe mkeo jibu hili.

Nilifanyiwa miaka mitano iliyopita, nilipungua kilo 48, nimerudisha 11. Binti wa jirani yangu ana upasuaji wiki mbili zijazo na amenichagua mimi niwe mtu wake wa kumpigia simu. Nikimwangalia najiona mnafiki. Nimkatalie, au nikubali nifiche hizo 11? Mwenzenu sipigi hata picha siku hizi. – Kumi na Moja

Kumi na Moja, na mimi ni Tisa. Ndio, nimerudisha tisa, na kwenye ile mistari miwili ya mwezi uliopita sikuitaja, kwahiyo kama ni unafiki tukae benchi moja.

Hesabu yako iangalie upya. Kurudisha kiasi kutoka kwenye namba ya chini kabisa ni jambo la kawaida sana, mwili unajifunza, njaa inarudi kidogo, maisha yanaingilia kati. Bado umeshikilia 37. Presha yako iko wapi leo? Magoti? Ngazi unapanda? Hayo binti hatayajua kama utamkatalia, atayatafuta kwenye picha za watu wasiomfahamu wenye viuno vya miezi kumi.

Mimi aliyenishika mkono alikuwa mama mmoja, jina lake nalihifadhi, alikuwa amerudisha karibu nusu. Nusu! Nilipomwona anaingia wodini siku ya pili roho iliniruka, nikasema ndio hili? Akavuta kiti, akatoa saa ya mkononi akaiweka kitandani pembeni yangu, akachukua kile kikombe akanishikisha kwa vidole viwili, akasema funda moja, halafu subiri mshale mwembamba uzunguke mara mbili, halafu funda lingine. Tukakaa hivyo karibu saa nzima bila maneno ya maana. Ndipo akasema, "Mimi nimerudisha, ukitaka kujua kwanini uliza, usinionee aibu." Sikuuliza siku hiyo. Niliuliza mwaka wa tatu, nilipojikuta na biskuti kwenye mkoba, maana vitu laini vinavyoyeyuka mdomoni havijazi, vinapita tu, unakula pakiti nzima na tumbo lako dogo halisemi kitu. Nilijua nani wa kumpigia. Yule wa viuno nisingempigia kamwe.

Kwahiyo kubali, na mwambie 11 mapema, kwa sauti ya kawaida kama unavyotaja umri. Ukiwa mtu wake wa simu usimgeuze mgonjwa wako, dawa usimpangie, akikutajia homa au maumivu yanayopanda unamwambia funga simu piga hospitali. Usimlinganishe na wewe, "mimi wiki ya pili nilikuwa natembea kilomita tatu", nani kakuuliza? Picha za kabla na baada usimtumie mpaka aombe. Muulize vitu vidogo tu, leo umekunywa vikombe vingapi, umetembea, umelala saa ngapi. Akikupigia saa saba usiku kusema amejuta, hahitaji hotuba, mwache alie, muulize kama ni vitunguu.

Na wewe mwenyewe lini ulipima damu mara ya mwisho? B12, chuma, vitamini D, hivyo ni kila mwaka mpaka kaburini, sio mpaka utakapoona umepona. Nahisi huendi kliniki kwa sababu ya ule mzani wao mkubwa pale mlangoni. Nenda, waambie 11, siku hizi kuna dawa za kusaidia na kuna watu wa lishe wa kukaa na wewe, na wakati mwingine ni jambo la kurekebishwa kwenye tumbo lenyewe. Ukipenda nenda siku ambayo binti ana miadi yake, mkae wote kwenye lile benchi.

Na siku unaenda kumwona wodini chukua saa yenye mshale wa sekunde. Ile sketi ya kubana tumbo iache nyumbani.